Sahani ya Baba Mukwe

Mjukuu wangu Neema,

Jambo sana huko Lubumbashi. Hapa Songo tuko salama, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniandikia kwamba tumboni mwetu kuna vidudu visivyoonekana, vinavyokula mabaki ya chakula chetu. Tukila maharagi na mboga, vinatoa kitu kinacholisha utumbo. Tukizidisha nyama, vinatoa vitu vingine vinavyoweza kuleta kansa pole pole. Unauliza tutamshawishi vipi baba yako, maana munganga wa hospitali alimtoa kinyama kilichoota utumboni kabla hakijawa kansa, na bado anakataa mboga.

Nilipokuwa bibi arusi, baba mukwe aliugua tumbo, munganga akamkataza nyama ya kila siku. Mzee akafoka: "Minye nikule majani kama mbuzi?"

Mama mukwe hakubishana naye. Alipika sombe ya majani ya muhogo na maharagi yaliyotoka Katogota, akatuita wote uani tule sahani moja. Mzee alibaki mezani na nyama yake, sisi tukila na kucheka. Baada ya siku chache alibeba kiti chake akaja.

"Musogee kidogo," akasema.

Ndipo nilipoona kwamba mboga hazikumshinda. Kilichomshinda ni kula peke yake kama mgonjwa. Aliishi hadi akamlea baba yako.

Jana nilipeleka sombe kwa baba yako, nikakaa tukala pamoja. Alionja, akajiongezea. Nilipoaga akaniuliza: "Mama, kesho utakuja tena?"

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea masomo mema.