Sahihi ya Baba kwenye Mkataba wa Siri

Jumapili jioni, Moshono.

Mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, na rasharasha imeninyeshea kwenda na kurudi. Nimetoka nyumbani Akheri sasa hivi. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Leo kwenye mnada wa baada ya ibada, mkungu wa ndizi wa Baba haukupata mnunuzi.

Kwa asiyejua: usharikani kwetu watu huleta sadaka ya walichovuna, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa pale nje. Tunapandishiana bei kwa utani mpaka yai moja linauzwa kama kuku mzima. Leo lilipotajwa jina la Baba, kimya. Mama Anaeli, jirani yetu ambaye huzigombania ndizi zake kila mara, alikuwa anajifunga upya khanga. Mzee wa kanisa alinadi mara tatu, ya tatu akiangalia chini. Nikanunua mimi. Binti anunue ndizi za baba yake!

Chanzo ni maji. Halmashauri imeipa kampuni moja haki ya kuchukua maji ya chemchemi iliyo juu ya mfereji wetu wa kumwagilia, iyatie kwenye chupa. Diwani wetu anataka mkataba usomwe hadharani. Halmashauri inasema una siri za biashara za mwekezaji. Wamevutana miezi sasa, kila upande na wapambe wake. Jana ofisa wa halmashauri alikuja kwenye mkutano wa kijiji, akabanwa maswali, akasema wananchi walisharidhia kwa maandishi na mwenyekiti wa mfereji alikuwa wa kwanza kusaini. Watu wakataka kuiona hiyo karatasi. Akajibu kwamba nayo ni sehemu ya mkataba, kwa hiyo ni siri.

Mwenyekiti wa mfereji ni Baba.

Alisimama akasema hajawahi kusaini kitu kama hicho, na kuna mtu akacheka. Miaka yote amegawa zamu za maji bila kumpendelea hata ndugu yake. Migomba yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho kumwagiliwa. Sasa wanasema ameuza maji.

Acha nikiri. Karatasi hiyo mimi nimeiona. Ninafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa mjini, na aliyetoa kopi za mkataba ule na kuzifunga jalada ni mimi. Nilipoajiriwa nilisaini kutunza siri za wateja. Jana nilikaa safu ya nyuma, nikanyamaza. Leo kwenye mnada nikanyamaza tena, nikajiambia kazi ni kazi.

Mchana nilikuwa jikoni namenya zile ndizi, Baba akaja kukaa mlangoni.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu utotoni, "wewe uko na watu wa sheria. Mtu anaweza kusaini kitu na asikijue?"

"Inatokea, Baba."

"Basi labda nilisaini. Nimeanza kusahau. Nitawaachia uenyekiti wao."

Nikaendelea kumenya. Nilimaliza kupika, nikaaga, nikaondoka. Njia nzima nimeona aibu.

Baba hajasahau kitu. Kila tunapokwenda kusafisha mfereji, katibu hupitisha karatasi ya mahudhurio: unaandika jina, unaandika chombo ulichokuja nacho, unasaini. Asiyekuja anapigwa faini, kwa hiyo hakuna anayekwepa kusaini. Karatasi iliyofungwa nyuma ya mkataba kama ridhaa ya wananchi ni hiyo hiyo. Kichwa chake kilikuwa kimeshafunikwa kwenye kopi tuliyoletewa ofisini, ila safu ya vyombo waliisahau. Jembe, jembe, panga, jembe. Mbele ya jina la Baba: sepetu.

Wanasheria wote wale, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aridhie mkataba akiwa na sepetu.

Nimeshaandika, na sifuti. Kesho alfajiri, kabla ya kazi, nitapanda Akheri nikamwambie Baba kwa mdomo wangu, maana yeye hasomi blogu.

Bosi wangu anasoma.