Mahali Pasipo na Mwenyewe

Jumatatu, 7 Julai 1913

Nimekanyaga udongo wa vyungu vya mama kabla ya shule, kama kila siku. Miguu haikutakata vizuri, na Bibi Mwalimu wa misheni aliitazama nilipoingia darasani. Hesabu nimepata zote. Niliporudi mchana nyumba yetu haikuwepo.

Tulijua itavunjwa. Tangazo lilisomwa hapa Mwaya sokoni: vibanda vya nyasi vilivyo kati ya duka na ghala la boma viondolewe, ni hatari ya moto. Vilikuwa vinne na vyote vilikuwa vyetu: cha kulala, cha kupikia, cha kukaushia vyungu na cha kuni. Nilidhani watavunja kidogo kidogo. Askari wawili na wapagazi wamemaliza asubuhi moja. Hata migomba wamekata.

Mama alikuwa ameketi chini kando ya mitungi iliyosalimika. Sikulia. Nina hasira, ndiyo maana maandishi haya ni mabaya.

Tunalala kwa mjane mmoja wa kanisani.

Jumatano, 9 Julai 1913

Kila mtu anajua patakuwa nini. Mwenye duka anasema ghala la chumvi. Wapagazi wanasema jela. Msichana ninayeketi naye darasani anasema kanisa la matofali, lenye kengele. Watu wanapita katikati kama njia, hawazunguki tena. Leo mbuzi alikuwa amelala palipokuwa mlango wetu.

Mjane hataki moto wa vyungu karibu na paa lake, na ana haki. Bila mahali pa kuchomea, mama si mfinyanzi. Asiporudishiwa pale, atarudi kwa kaka zake Ikombe, kwa Wakisi wenzake, siku nzima ya kupiga kasia chini ya milima, na mimi nitakwenda naye. Baba yuko kwenye mashamba ya pwani, huu mwaka wa pili. Ikombe hakuna shule ya wasichana.

Bibi Mwalimu amesema baada ya Krismasi huenda nikafundisha wadogo herufi. Nalitaka jambo hilo kuliko nguo mpya. Naliandika hapa kwa sababu nikimwambia mama itakuwa kama kumsukuma.

Jumamosi, 12 Julai 1913

Tangazo jingine. Aliyekuwa akifanya kazi mahali pale aje Alhamisi asubuhi, asimame papo hapo yeye mwenyewe, na mzee anayejua alivyopapata asimame kando yake. Karani ataandika. Atakayeandikwa atapewa, mradi ajenge kwa matofali ya udongo.

Udongo! Nani anaujua udongo kumshinda mama?

Na shahidi yupo. Babu, baba yake baba, ndiye aliyemwombea baba mahali pale kwa chifu alipooa. Chifu amekufa. Babu yupo Busale na anakumbuka kila kitu. Kesho nitakwenda. Simwambii mama. Nataka nione uso wake atakapomwona anakuja.

Jumapili, 13 Julai 1913

Baada ya ibada nilitembea na wanawake wanaorudi Busale. Nilimkuta babu anapepeta mpunga. Nilipiga magoti, nikasalimu. Akasema, "Binti wa shule! Nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi hata chumvi hukuniletea?" Nikacheka.

Nilimweleza yote. Akawa anaokota mawe kwenye mpunga ambao haukuwa na mawe.

"Mama yako anajua kwamba utaniita?"

"Atafurahi, babu."

"Atafurahi. Kama yeye ameona ni sawa, nitakuja."

Nilidhani anafikiria urefu wa safari. Nilimwambia njia imekauka. Amenipa ndizi mbivu. Nimerudi naimba.

Jumanne, 15 Julai 1913

Mama amepata shahidi wake, mvuvi mmoja mzee anayemletea kuni. Macho yake hayaoni vizuri lakini anasema atakuja. Mimi kimya. Mama ameuliza kwa nini nacheka peke yangu. Amefinyanga chungu kimoja uani kwa mjane, kidogo, mkono usisahau.

Nimemwomba Bibi Mwalimu ruhusa ya Alhamisi. Amekubali.

Alhamisi, 17 Julai 1913

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mama alifika jua lilipotoka. Alifagia mahali pale kama anafagia nyumba. Akapanga mitungi mitatu palipokuwa mlango na kusimama nyuma yake. Yule mvuvi hakutokea. Watu walikuwa wengi. Karani akaja, mtu wa pwani, kanzu nyeupe, meza yake imebebwa na mpagazi. Mama alisimama vizuri. Nilijivuna.

Kisha babu akatokea kwenye kona ya duka na fimbo yake.

Mama alimwona kabla yangu. Hakupiga kelele. Alijifunika nguo kichwani, akainama mpaka chini, akakimbia hivyo hivyo nyuma ya ghala kama mtu anayepigwa mawe. Mtungi mmoja ulianguka. Babu naye akageuka, akatupa mgongo, akasimama anatazama ziwa.

Sikuwahi kuwaona pamoja. Katika maisha yangu yote, hata mara moja. Nilijua kwamba zamani, huku kwa watu wa baba, mke hakumtazama baba wa mume wake, hakukutana naye njiani. Lakini mwaka jana Bibi Mwalimu aliwauliza akina mama kama bado wanakimbia wakwe, wote wakasema, tumeacha. Mama alisema kwa sauti kuliko wote. Nilimwamini. Sikujiuliza kwa nini kila tunapokwenda Busale yeye hubaki.

Karani akauliza, "Mwenye mahali ni nani?"

Babu akaliambia ziwa, "Ni mke wa mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Siwezi kusema yuko wapi."

"Mzee, amekimbia sasa hivi hapa mbele yetu!"

"Mimi sikuona."

Watu wakacheka. Hata wa kwetu, wanaoijua desturi. Mwanamke mmoja akasema, "Huyo Mkisi anatushinda sisi kwa adabu!" Wakacheka tena.

Nilikimbilia nyuma ya ghala. Mama alikuwa amechuchumaa kwenye matete, nguo usoni. Alisema, "Mwambie aondoke, nitatoka." Nikarudi. Babu alikuwa amekwisha kuelewa, ameanza kuondoka bila kuambiwa. Karani akamzuia. Shahidi asiondoke. Imeagizwa wasimame pamoja, mwenye mahali na shahidi, bega kwa bega, aandike. Nikasema mimi ni mtoto wake, najua kusoma, nitasimama badala yake. Karani alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo mbaya. "Wewe ulikuwa unachoma vyungu?"

Nilisimama katikati, babu upande huu, matete upande ule. Jua lilipanda. Karani alingoja, sitasema hakungoja. Kisha akaandika. Nilisoma kichwa chini miguu juu, kwa sababu nimefundishwa vizuri: hapana mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai 1913

Mama hakunipiga. Amesema, "Ulimwita mtu wa heshima. Ulifanya vizuri." Afadhali angenipiga.

Nilimuuliza kwa nini alisema wameacha. Akasema, "Bibi Mwalimu aliuliza mbele ya watu. Ungetaka nimwaibishe?"

Babu ameleta kuku mwekundu kwa mkono wa jirani, kumpoza mama kwa ule mshtuko. Ndiyo desturi. Mama amesema ndaga, asante ya huku, amempokea. Sasa tuna kuku. Nyumba hatuna.

Jumatatu, 21 Julai 1913

Bibi Mwalimu amesikia. Amelifanya somo. Amesema mnaona jinsi giza la zamani linavyomnyang'anya mtu mali yake. Wasichana wakanigeukia. Nilimchukia kwa muda wa somo zima. Aliyemnyang'anya mama si babu. Babu alisimama juani mgongo wake ukimheshimu.

Lakini mimi ndiye niliyemleta.

Jumatano, 6 Agosti 1913

Wameleta nguzo nane na kuzilaza pale. Ghala jipya la mpunga wa boma, wanasema sasa. Si chumvi, si jela, si kengele.

Mama ameondoka leo na mtumbwi wa kaka yake. Mimi nimebaki. Sikujua mpaka jana. Alikwenda mwenyewe kwa Bibi Mwalimu, akaomba nilale nyumba ya wasichana, na yeye ataleta mitungi ya maji ya jikoni kila itakapohitajika. Huyo ambaye sikutaka kumsukuma.

Alimchukua kuku mapajani. Nilipunga mkono. Hakupunga, alikuwa amemshika kuku.

Jumamosi, 8 Novemba 1913

Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Ghala jipya halijajengwa. Nguzo zimeliwa na mchwa na mbili zimeibwa ziwe kuni. Hakuna anayesema tena patakuwa nini.

Wanawake wa Ikombe walifika asubuhi na mitumbwi mitatu ya vyungu. Sokoni huwa wanafukuzwa kila wanapokaa, huyu anasema hapa pangu, yule anasema hapa pangu. Pale hakuna wa kuwafukuza. Imeandikwa. Wameketi pote, nyasi za kufungia vyungu zimetapakaa, na mama ameketi palipokuwa mlango wetu. Hakunionyesha. Niliona mwenyewe.

Nilipokuwa nimeketi naye, mtu alikohoa kwenye kona ya duka. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mama akavuta nguo kichwani, akageukia ukuta wa ghala la zamani.

Nilikwenda. Babu alikuwa amesimama kando ya barabara, anatazama upande mwingine. Alisema chungu chake cha maharage kimepasuka. Nilirudi, nikamwambia mama. Mkono wake ulitoka chini ya nguo, ukapapasa vyungu vitatu, ukaviacha, ukachagua cha nne.

Nilikipeleka. Babu alikigonga kwa kidole, akasikiliza.

"Huyu anajua kuchoma," alisema.

Nilirudi, nikamwambia mama hivyo hivyo, neno kwa neno. Hakufunua uso mpaka babu alipopita duka.

Kesho nitamwandikia baba. Nitamwambia mahali bado pako wazi.