Kiti Chako na Gesi ya Katikati ya Galaksi

Mwaka umezunguka, Baba, tangu utuage pale hospitalini, huku ukimlalamikia nesi kwamba redio yake inakwaruza. Kazi haikukutoka hata kitandani.

Maisha yako yote uliyatumia kusikiliza gesi ya haidrojeni iliyo jirani na kitovu cha galaksi yetu. Macho hayaioni. Inatoa mnong'ono tu wa mawimbi ya redio, na dishi kubwa la kazini kwenu linaunasa. Mama alikutania mezani: "Mnong'ono wa huko mbali unausikia. Mimi nikikuomba chumvi hapa, husikii." Nawe ukamjibu, "Ile gesi haifoki, mke wangu."

Ulitufundisha kazi yenu kwa vikombe vya chai. Dishi linaelekezwa kwenye gesi, kisha linasogezwa pembeni, penye anga tupu. Kilichosikika mara ya pili kinatolewa kwenye kilichosikika mara ya kwanza. Kinachobaki ndiyo gesi yenyewe. Halafu, bila kuulizwa, ulisimulia aibu yako ya ujanani. Mchoro wa gesi ulitoka na shimo katikati, ukatangaza mbele ya wakubwa kuwa umegundua mahali gesi ilipokwisha. Kumbe pale pembeni ulipopaita patupu napo palijaa gesi, nyingi kuliko pale ulipolenga. Wenzako wakakubatiza Bwana Shimo, na jina likakufuata mpaka harusini.

Hukununa. Kila mgeni kazini aliyekosea na kuja kwako amenywea, ulimpa kiti na chai, ukaanza na shimo lako. "Palipo patupu," ulimwambia, "pachunguze kwanza."

Ulipoondoka, Mama aliihama meza. Alikula jikoni amesimama, sahani mkononi, kiti chako amekipa mgongo. Vijiko viwili vitatu, basi. Nguo zikaanza kumning'inia, nasi tukaogopa kwamba tunampoteza na yeye. Dada akashauri kiti kiondolewe. Tukakibeba, tukafika nacho mlangoni, Mama huyo.

"Mnakipeleka wapi?"

"Stoo, Mama. Kukaa kitupu hivi kinakuumiza."

Alitutazama mmoja mmoja. "Bwana Shimo amepoteza chai yake bure kwenu nyie. Nani kawaambia ni kitupu?"

Akakirudisha mwenyewe, akakikalia. Akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti, pale ulipozoea kugonga penseli mpaka rangi ikabanduka. Sisi tumesimama kama watoto waliovunja kitu. Kisha akasema:

"Leteni chumvi basi. Au na nyie hamsikii?"

Anakula mezani siku hizi, Baba, na kwenye kiti chako hicho hicho. Amenenepa kidogo. Usimwambie tumekuambia.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao, Dada na wadogo zake wawili, mkweo, ambaye bado anachanganya vile vikombe vya somo lako, wajukuu wako, na wenzako wote wa kwenye dishi.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za maisha yetu.