Kiini Kilichopauka

3 Machi

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na natumaini wewe, wifi na kichanga wake mmeamka salama. Mgongo wake umeacha kuuma tangu ajifungue?

Mama, nikushukuruje kwa kunizalia huyu mwanamume! Leo ni wiki ya tano ya ndoa, na bado akirudi kutoka karakana na unga wa mbao nyweleni nasahau nilichokuwa nasema. Jana kanichongea kijiko. Sijakipikia, nakitazama tu.

Kuku wako arobaini hawajambo. Nataka ukirudi kutoka kwa wifi ukute ua unang'aa, hivyo nimeng'oa magugu yote nyuma ya banda na kufagia kila kona. Yale mahindi yao ya njano niliyaona kama yamechakaa, nimewanunulia meupe, safi. Mwanao kasema, "Mke wangu, humu hata mgeni anaweza kulala."

Mkweo anayekupenda sana


24 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yangu hukuijibu, nikajipa moyo kwamba kichanga hakupi nafasi. Mnaendeleaje na afya?

Huku kuna jambo. Mama Keki, yule mwokaji anayechukua mayai yetu yote, jana karudisha trei mbili. Kanivunjia yai kwenye sahani, kiini kimepauka kama maji ya mchele. "Bibi harusi," kasema, "watu wanapenda keki zangu kwa ule unjano. Sasa zinatoka kama sabuni! Kuku unawalisha nini, mapenzi matupu?" Wateja wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia njia nzima. Rangi isipobadilika hadi mwisho wa mwezi ujao, anahamia kwa mfugaji mwingine.

Mume wangu anasema nisikwambie, tutalimaliza wenyewe. Lakini umewalea kuku hawa miaka tisa, na mimi ndiye niliyewaharibu. Je, wanaumwa? Nisamehe.

Mkweo


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, na kichanga ananyonya kama kaajiriwa.

Kuku hawaumwi. Rangi ya kiini inatokana na anachokula kuku: majani mabichi, mahindi ya njano. Ulipong'oa magugu uling'oa mboga yao, na mahindi meupe yanashibisha lakini hayana rangi ya kutoa. Usiyatupe mayai hayo, yanajenga mwili vilevile, kuleni. Ila kuku anayedonoa majani na wadudu hupata na vitamini za ziada, nazo hupita hadi kwenye yai. Warudishie mahindi ya njano, wakatie mchicha kila asubuhi, jioni wafungulie wachakure. Kiini hujengwa kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa hiyo ngoja wiki mbili kabla ya kulia tena.

Sasa langu. Nilisoma barua yako ya kwanza nikajua kitakachotokea. Nikashika kalamu, nikaiweka. Niliogopa kumkosoa bibi harusi mwenye furaha namna ile. Kumbe kimya changu ndicho kilichokuaibisha mbele za watu. Nisamehe wewe. Nimekata tiketi ya tarehe 20 Aprili, nije niongee na Mama Keki mwenyewe.

Mama yako


12 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo mara mia! Hamjambo wote?

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniomba radhi. Asante, Mama.

Sikukungoja. Nilikwenda kwa Mama Keki nikamwambia ukweli: nilikifagia chakula cha kuku. Alicheka hadi akakalia gunia la unga, akasema, "Haya, siku nilizokupa bado hazijaisha." Nikakata mchicha hadi vidole vikawa kijani.

Leo asubuhi nimevunja yai. Mama, njano! Njano iliyokolea! Nimepiga kelele, mwanao akaja mbio na msumeno akidhani ni nyoka. Mama Keki kachukua trei zote na kuuliza kama tuna nyingine.

Tunakungoja kwa hamu tarehe 20.

Mwanao


17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila wifi yako bado hawezi kuinama, na mtoto kanizoea.

Tiketi nimeirudisha. Nitakaa huku hadi atambae. Nilikuwa naharakisha kwa ajili ya kuku, nao sasa wana mwenyewe.

Mama yako