Namba Zako Nilizozifuta

Papa,

Karatasi yangu imebanduliwa jana pale bandarini Moba, kwenye ukuta wa kibanda cha abiria. Niliwapigia watu wa bandari simu mara tatu kuwaomba waitoe. Ilikuwa bado inasema kwamba alasiri za kiangazi mawimbi ya ziwa hayapiti nusu mita.

Niliiandika mimi. Nilikaa hapa Lubumbashi, ofisini, kompyuta ikakokotoa mawimbi ya Tanganyika kutokana na upepo, nami nikayalinganisha na vipimo vyako: ile nguzo uliyoichora alama majini, daftari lako, simu yako ya kila jioni. Mara kumi na moja ulinisomea mita moja na nusu, hata mbili. Mara zote nikafuta. Pembeni nikaandika, "mpimaji amekosea." Mpimaji! Baba yangu mzazi.

"Mwana, weye uko Lubumbashi, miye niko mbele ya maji," uliniambia. "Ule mupepo wa mulima unashukaka ghafula." Nikakasirika, nikakueleza kwamba macho hukuza mambo. Hukubisha tena. Ndiyo yanayoniuma, Papa. Uliniamini.

Maana miaka yote hukupanda boti alasiri. Siku ile ulipanda. Mama anasema uliwaonyesha abiria ile karatasi, ukajigamba: "Ni mutoto wangu ndiye aliandika hii." Saa mbili baadaye boti ilizama.

Tangu tukuzike, majirani zangu hapa mtaani Katuba wananiletea unga na pole. Napokea, kisha narudi kwenye namba zako.

Nimerudisha namba zako zote kumi na moja. Upepo niliotumia ulipimwa mbali, haujui milima yako. Nimeurekebisha, na sasa hesabu inakubaliana na daftari lako karibu kila siku. Mkubwa wangu wa kazi anataka tuandike tu kwenye ripoti kwamba "tumeboresha." Sitaki. Nitaandika kwamba mpimaji alisoma sawasawa na aliyefuta ni mimi, kwa jina langu lote. Wakinifukuza, basi.

Kwa alasiri ile, hesabu mpya inatoa mita mbili. Upande wa vipimo hakuna kitu, kwa sababu mwenye kupima alikuwa ndani ya maji. Mkubwa anasema nipajaze kwa makadirio, jedwali lipendeze. Nakuahidi, Papa, mahali pako sitaandika namba yangu tena. Patabaki wazi.

Pumzika.

Binti yako,
Odile