Ametangulia

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Natumai barua hii itakukuta una afya, una kazi, na umekata nywele. Ukiuliza habari zangu, mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo nitakueleza habari zake hapo mbele. Mama mdogo anakusalimu sana. Kila nikienda kwake ananiuliza kama umeandika, nami nambadilishia mazungumzo, naye anajua kabisa kwamba nambadilishia. Simu yako nimeacha kuipiga. Yule dada anayesema haipatikani nimemzoea hadi najua anapovuta pumzi. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa anwani iliyokuwa kwenye kile kifurushi chako cha mwisho, cha mwaka juzi.

Kazini niko kule kule, chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kupiga pasi mashuka. Tuko wanne, na mashine zinavuma kiasi kwamba tunazungumza kwa mikono. Nyumbani ni kile kile chumba cha juu. Baiskeli yako iko ukutani pale pale ulipoitundika. Cheni naitia oili, na tairi nazijaza upepo kila mwezi zisije zikapasuka kwa kukaa. Mpangaji wa chini aliniuliza kama naiuza, nikamjibu vibaya, na hatusemeshani hadi leo.

Nikupe basi habari za msituni. Bado naendesha baiskeli yangu kwenye ule mzunguko wetu kila Jumamosi asubuhi, kilomita zote ishirini na mbili. Ungeniona usingeamini macho yako. Ile ngazi ya mizizi baada ya daraja la mbao, ambayo wewe ulikuwa unaipanda huku unapiga mluzi nami niko nyuma nasukuma, siku hizi naipanda bila kuweka mguu chini. Siri yake ni gia ndogo kabisa na kifua karibu na usukani, kama ulivyoniambia mara elfu nami nikakubishia mara elfu. Mteremko wa mawe ndio bado unanitisha. Naushuka nimeshika breki toka juu hadi chini, kwa hiyo jina ulilonibandika halijanitoka. Kule kileleni, kwenye benchi ulilokuwa ukinisubiri, nafika nalikuta tupu. Nakaa upande wangu tu, wako nauacha, halafu najiona mjinga.

Langoni kuna mlinzi mpya, mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa masjala. Daftari lake la kuingia na kutoka halina hata doa la chai. Sheria yake ni moja: hakuna kuingia peke yako, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuvunjika nyonga huko ndani akalala na maumivu yake hadi kesho yake. Jumamosi ya kwanza alinirudisha. Nilifika nyumbani nikalia kama mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza. Jumamosi iliyofuata niliandika jina langu, na chini yake nikaandika lako. Aliponiuliza mwenzangu yuko wapi, nikamjibu kwamba ametangulia. Sikuona kama ni uongo mkubwa, maana wewe siku zote ulikuwa mbele. Wakati wa kutoka niliweka sahihi zote mbili, yako kwa mkono wa kushoto, na ule mkia unaoupenda kwenye herufi ya mwisho. Pale langoni watu hutoka makundi makundi, wamechoka, wana matope hadi masikioni, naye hakuweza kuhesabu kila uso. Basi ikawa hivyo miezi saba.

Mwezi uliopita nikaanguka. Katikati ya mteremko wa mawe gurudumu la mbele liliingia kwenye ufa, nami nikapita juu ya usukani. Nilifika langoni nachechemea, rimu imepinda, damu imejaa kwenye soksi. Nikaweka sahihi yangu na kukaa chini. Yako niliisahau. Yule mama alikuwa ananiosha goti alipotupia jicho daftari. Alisoma jina lako kwa sauti, akasema hajatoka. Kabla sijafungua mdomo alikwishapuliza filimbi yake, na watu kumi na wawili waliokuwa wametoka tu, hawana hata nguvu za kufungua chupa za maji, wakageuza baiskeli zao wakarudi msituni kukutafuta.

Niliwasikia wakikuita. Jina lako, kaka, likitoka upande huu na upande ule wa miti. Tangu uondoke sijawahi kulisikia kwenye kinywa cha mtu mwingine zaidi ya mama mdogo. Nilijua wanahangaika bure, na bado nilinyamaza, labda robo saa nzima, nawasikiliza. Nakueleza ukweli kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inangoja uitike.

Kilichonitoa hapo ni yule mama. Alikuwa anavaa mabuti aingie mwenyewe kwa miguu, na kamba alizifunga vibaya, akazifungua, akaanza upya. Nikamshika mkono nikamwambia awaite warudi, mwenzangu hayupo, alishatangulia siku nyingi. Nilitaka kusema kwamba umehama, umeenda zako. Lakini yeye alivua kofia, akanivuta kifuani kwake, akaniambia pole mwanangu.

Hapo ndipo nilipokuua, kaka. Ilitosha niseme neno moja zaidi, nami sikulisema. Wale kumi na wawili walirudi, na kila mmoja alinipa mkono na pole yake. Mmoja aliikalisha rimu yangu kwenye goti lake akaanza kuinyoosha. Mtu aliyekwenda kutafuta kazi hakuna anayekuja kumpa pole dada yake. Miaka miwili na ushee nimekaa na kuondoka kwako bila mtu kuniuliza nabebaje mzigo huo, na siku ile nikapewa pole zote kwa mkupuo, nikazipokea zote, na usiku wake nikalala vizuri.

Sasa yule mama ananiruhusu kuingia peke yangu, na filimbi yake nimeivaa shingoni. Amechonga ubao kwa mikono yake, ameupiga randa hadi unateleza, utapigiliwa kwenye benchi la kileleni Jumamosi ya wiki ijayo mbele ya wale kumi na wawili. Jina lako amekwishalichonga. Aliniuliza mwaka wako wa kuzaliwa, nikampa. Ule mwaka mwingine nilimwambia nitamletea.

Siwezi kuupeleka. Nimeamua Jumamosi nimwambie ukweli kabla hajashika nyundo. Najua huenda akaninyang'anya filimbi na kunifungia lango, na sijui Jumamosi zangu nitazipeleka wapi. Hilo nitalibeba. Linaloninyima raha ni jingine. Nikimwambia kwamba u hai, yule mama, kwa ukarani wake, ataniuliza nimejuaje. Nimelizungusha swali hilo kichwani siku tisa sasa, mbele ya mashuka ya watu, na jibu sina.

Niandikie mstari mmoja tu, kwa mkono wako. Usinieleze ulikuwa wapi, wala usiombe radhi. Hata mstari huo ukichelewa kumfikia yule mama, utanifikia mimi.

Msalimie yeyote anayekaa karibu nawe. Upande wako wa benchi bado nauacha.

Ni mimi mdogo wako,
Breki