Malapa Mdomoni mwa Duara

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua ng'ombe, nimekunywa uji. Kabula bado kaganda mezani. Binti yangu huyo kajaza sebule kompyuta mbili, na kasha jeusi kaliweka stoo ya mpunga, ng'ambo ya uwanja. Nyaya zinapita nje. Nimeuliza kasha la nini. Kasema mafaili ya wagonjwa wa zahanati yatakaa humo, kompyuta zote zisome humo humo. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ndio unaosimamia kazi zote. Nimeelewa upesi: ni nyapara. Shida yake kazoea ghala la ndani, kasha la mbali hajui kuishi nalo. Kabula ndiye anamfundisha.
Jumamosi mganga mfawidhi anakuja kuona. Ikigoma wanarudi kwenye makaratasi, na Kabula kazi hana.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomoa waya mmoja. Nilitaka kuona mdomo wake. Una meno manane, yanang'aa kama dhahabu. Si dhahabu. Mimi sidanganyiki. Nikaurudisha.
Kumbe kompyuta moja imeganda, na ya pili inaisubiri. Kabula kahangaika mpaka jua limezama. Sikusema.

Jumatano, 5 Machi
Kabula kaanza kufuta kazi ya miezi. Anadhani kakosea yeye. Roho inaniuma. Kuomba radhi sijazoea.
Nimeuliza tu ya pili inasubiri nini. Kasema ya kwanza ilifungua faili la mgonjwa, ikaacha alama kwenye kasha ili mwingine asiandike humo. Alama imebaki, mwenyewe hajulikani aliko.
Nimecheka peke yangu. Hayo ni malapa ya Masanja!
Nimeshika kamba machimbo ya dhahabu Nyarugusu miaka mingi, hakuna aliyenishinda. Anayeshuka duarani, shimo la kuchimbia, anaacha malapa mdomoni, mwingine asishuke. Masanja, mchimbaji wetu, akashuka, akatokea duara la jirani, huyo, Kagongwa kula wali. Malapa yapo. Siku mbili tumekaa juu tunamlilia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimesema. Waya niliuchomoa mimi.
"Baba! Siku mbili natafuta kosa!"
Nikampa habari ya Masanja, na sheria niliyoweka baadaye. Malapa peke yake si kitu. Aliye chini avute kamba kila mara. Akikosa mara tatu, malapa yanaondolewa, mwingine ashuke.
Kavuta daftari. "Hapo pa kamba, rudia." Nimerudia, anaandika. Mimi wa darasa la pili!
"Na Masanja akirudi, anaingia tu?"
"Thubutu! Aanzie mdomoni, aombe upya."
Kaandika na hilo.

Ijumaa
Anagonga vitufe tu. Hata ugali hajamaliza.

Jumamosi, 8 Machi
Mganga kafika. Kabula kaniambia, Baba, chomoa. Mbele ya watu! Nimechomoa kwa mbwembwe. Kompyuta ya kwanza haikuganda, imesema njia imekatika. Ya pili imesubiri kidogo, ikafungua faili. Nimerudisha waya. Ya kwanza ikaomba upya.
Mganga karidhika. Wanaanza wiki ijayo. Nimemwambia nyapara kafundishwa na mimi. Kabula hakunikatalia.

Jumapili, 9 Machi
Kabula kaondoka na kasha lake, zahanati iko Masumbwe. Sebule imekuwa kubwa.
Malapa yake kayasahau mlangoni. Kwa sheria yangu, pasipo kamba yanaondolewa. Nimeyapita mara tatu.
Saa kumi simu ikalia mara moja, ikakatika. Ni yeye, kavuta kamba. Nami nikampigia mara moja, nikakata.
Yakae.